Vitabu Mia Moja Vilivyobaki

Jioni moja mzee mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, alinikuta barazani nikiandika katika daftari. Akauliza naandika nini. Nikamwambia kwamba naongeza majina katika orodha ya vitabu ninavyotaka kuvisoma. Akacheka kile kicheko cha kumwonea mtu huruma, akasema, "Bwana, umri huu bado unaongeza? Mimi na wewe tumebakiwa na kurudia tu. Chukua Shaaban Robert wako ukae naye. Hivyo vitabu vipya unavyovitafuta viko wapi? Siku hizi nani anaandika?"

Sikumjibu vema. Chai ilikuwa imeshaletwa, na si adabu kubishana na mgeni kabla hajamaliza kikombe chake. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani kama kiungulia, na kwa kuwa kitabu hiki nakichapisha kwa fedha zangu mwenyewe, wala hapana mhariri wa kunishika mkono, nitamjibu humu. Najua atayasoma, maana nakala yake nitampelekea mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Nina miaka 74. Jicho la kushoto limekwisha kutolewa mtoto wa jicho, na la kulia linangoja zamu yake. Usiku sisomi tena. Nasoma mchana, kwa mwanga wa barazani, na kwa mwendo huo kitabu kimoja kinanichukua kama wiki tano. Hivyo ni vitabu kumi kwa mwaka. Mungu akinijalia miaka kumi mingine, basi nimebakiwa na vitabu mia moja. Mia moja tu! Kijana anayesoma haya ataona ni vingi, kwa sababu pengine yeye hasomi hata kimoja. Lakini mtu aliyeishi miaka arobaini katikati ya vitabu anajua kwamba mia moja ni rafu mbili za kabati. Kila jina ninaloliandika katika daftari hili linamfukuza mwenzake. Ndiyo maana sikubali kuchaguliwa. Sikubali kuchaguliwa na mzee mwenzangu, wala na wizara, wala na kamati ya tuzo, wala na mhubiri wa mafanikio anayeuza vitabu vyake stendi ya mabasi.

Mzee wangu, sipingi kurudia. Kusadikika nimekisoma mara nne, na mara ya nne nilikikuta kitabu kingine kabisa, kwa sababu safari hiyo nilikuwa nimekwisha kukalia kile kiti cha mtu anayeletewa malalamiko na kuyaita uasi. Ninachokipinga ni imani yako kwamba kitabu kizuri lazima kiwe kimesifiwa na marehemu. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, mwaka niliozaliwa mimi. Mwaka ule kilikuwa kitabu kipya, kimeandikwa na mtu aliye hai, mtumishi wa serikali ya kikoloni ambaye asubuhi alikwenda kazini kama watu wengine. Hapana shaka walikuwako wazee wa wakati ule waliosema kwamba tenzi zilizotungwa kabla yao zinatosha, na kwamba hizi hadithi za siku hizi ni za nini. Walikuwako pia wachache waliotoa senti zao wakanunua. Hao wachache ndio waliotupatia sisi Shaaban Robert wa kurudia. Laiti wote wangalikuwa kama wewe, leo ungekuwa unarudia nini?

Unauliza nani anaandika. Said Ahmed Mohamed, ambaye wewe na mimi tulimfundisha kwa Utengano na Asali Chungu kisha tukamfunga katika miaka ya themanini kana kwamba alikufa, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001 na Dunia Yao mwaka 2006. Adam Shafi hakukoma baada ya Kuli. Alitoa Vuta N'kuvute mwaka 1999, kisha Haini mwaka 2003, kitabu kinachokuingiza gerezani Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Kisha mwaka 2013 akaja na Mbali na Nyumbani, masimulizi ya safari za ujana wake. Zainab Alwi Baharoon ameandika Mungu Hakopeshwi, riwaya ambayo hata jina lake peke yake linamfanya mtu avute kiti. Hao nimewataja bila kuinuka kwenda kabatini. Wako wengine wengi, na baadhi yao wangeweza kuwa wajukuu zetu.

Tena kitabu kipya, kwangu mimi, si kile kilichotoka mtamboni juzi. Ni kile ambacho sijakisoma. Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Unakumbuka tulivyovipokea katika chumba cha wakufunzi? Mmoja wetu alisoma kurasa tatu kwa sauti, tukacheka, tukasema mtu huyu amechanganyikiwa, kisha tukavitupa kando. Tulivitupa kwa sababu hatukuona jinsi ya kuvitungia maswali ya mtihani. Nani mhusika mkuu? Mandhari yako wapi? Kitabu kisichotoa swali la alama kumi hakikuwa kitabu machoni petu. Kezilahabi akafariki Januari 2020, na mimi, mwalimu wa Kiswahili wa miaka yote ile, nilikuwa bado sijamaliza Nagona. Sasa nimekimaliza. Sikukielewa chote, na wala sioni aibu kusema hivyo. Lakini nimekutana humo na mtu anayehangaika na maswali ambayo mimi pia huyawaza saa tisa za usiku ninapokosa usingizi, na sikuyakuta katika vitabu vile tulivyovitungia maswali.

Hapa ndipo ninapopaswa kugeuza kidole kijielekeze kwangu. Mzee mwenzangu simlaumu peke yake, kwa maana ugonjwa wake ni ugonjwa tuliouambukiza sisi walimu. Tuliwafundisha Watanzania kwamba kitabu ni kitu unachopangiwa. Unapangiwa riwaya, unapangiwa tamthiliya, unapangiwa diwani. Unachambua fani na maudhui, unaeleza mwandishi amefaulu kwa kiasi gani, unafanya mtihani, unarudisha kitabu stoo. Kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne nchi nzima walisoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Ugomvi wangu ni kwamba wengi hata hivyo hawakuvisoma. Walisoma vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mitaani, vyenye wahusika na dhamira vimekwisha kupangwa kama dagaa chanjani. Kijana huyu akimaliza shule hajawahi hata siku moja kusimama mbele ya vitabu akajiuliza, "Mimi nataka kipi?" Misuli ya kuchagua haijawahi kufanya kazi. Halafu tunashangaa kwamba mtu mwenye shahada mbili ana sebule yenye televisheni kubwa na hana kitabu hata kimoja.

Nitasimulia jambo ambalo sikulisimulia kwa miaka mingi.

Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Usiku mmoja nilikuwa zamu, nikapita mabwenini baada ya saa nne kuhakikisha taa zimezimwa. Katika bweni moja la wasichana, mkufunzi mwenzangu wa kike aliyetangulia ndani alitoka na mwanachuo mmoja aliyekuwa amejifunika blanketi gubigubi na tochi. Alikuwa anasoma Rosa Mistika. Msomaji wa umri wangu anajua kwamba kitabu hicho kilipotoka mwaka 1971 kilizua kelele nyingi na kikapigwa marufuku shuleni. Mimi nilikinyakua. Nikamsimamisha msichana yule kwenye paredi asubuhi mbele ya wenzake mia mbili, nikasema maneno juu ya mwalimu mtarajiwa anayejilisha uchafu. Nikampa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima. Kitabu nikakifungia katika kabati la ofisi.

Nilikuwa sijakisoma. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Nilisikia tu kwamba ni kibaya.

Baadaye nikawa mkuu wa chuo, si kile bali kingine, na tabia ile nikahama nayo. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja, na ufunguo wake ulikaa katika mfuko wa suruali yangu. Nilijivunia kwamba kwa miaka yote niliyokuwa mkuu havikupotea vitabu zaidi ya sita. Sasa najiuliza ni maktaba gani hiyo ambayo hata wezi hawaitamani. Nilipostaafu mwaka 2011 na kufungasha vitu vyangu, nilikuta boksi la vitabu nilivyowanyang'anya wanachuo kwa nyakati mbalimbali, ambalo nilikuwa nalihamisha ofisi hadi ofisi bila kulifungua. Walikuwamo Musiba, Mtobwa, Katalambulla, na chini kabisa Rosa Mistika, na jina la msichana yule limeandikwa kwa wino wa buluu ndani ya jalada. Nikakaa juu ya boksi jingine, nikaanza kusoma. Ni kisa cha binti aliyelelewa kwa ukali mtupu, akatoka nyumbani bila kuijua dunia, na dunia ikamfanya ilivyotaka. Nilikisoma hadi jua likatua, na dereva wa gari la mizigo akawa ananipigia honi nje. Kitabu kile kilikuwa kinanisema mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekifungia.

Miaka michache iliyopita nilimkuta mwanamke yule msibani. Naye sasa ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi, ana wajukuu. Akapiga goti kidogo kama desturi yetu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Hakunikumbusha paredi. Mimi ndiye niliyemwuliza siku hizi anasoma nini. Akatabasamu kwa adabu. "Mwalimu, nafasi nitaipata wapi? Nasoma maandalio ya masomo na nyaraka za halmashauri." Nikamwuliza riwaya. Akatazama chini. "Riwaya nilishaacha zamani, Mwalimu. Tangu chuoni." Hakusema tangu siku gani. Wala sikuuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Watanzania hawasomi, huwa nanyamaza. Namjua mmoja ambaye aliacha, na namjua aliyemwachisha.

Turudi kwenye daftari. Wako watakaosema: ikiwa hutaki kupangiwa, basi angalau fuata tuzo, kwa sababu tuzo hutolewa na wajuzi. Mimi nafurahi tuzo ziwepo. Ile ya Cornell kwa maandishi ya Kiswahili na hii ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa mwaka 2023 zimewatoa gizani waandishi ambao tusingewasikia, na mwandishi naye anakula ugali kama sisi. Lakini tuzo ni ya mwandishi. Inamhusu yeye na waamuzi wake. Hainiambii mimi kama kitabu kile na mimi tuna la kuzungumza. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel, nchi nzima ilishangilia kama timu ya taifa imefunga bao. Watu wakabishana kwenye vijiwe kama ni wetu au ni wa Uingereza. Niliwauliza kumi kati ya hao wabishi ni kitabu gani cha Gurnah walichokisoma. Mmoja tu alijibu, na yeye alisema yuko mbioni kukitafuta.

Nami nilikataa kukimbia na kundi. Nilingoja. Mwaka 2022 riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuitwa Peponi. Nilikishika dukani, nikasoma mwanzo wake nikiwa nimesimama. Mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusuf, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe anakwenda kuwa malipo ya deni la baba yake. Basi. Nilikilipia palepale. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitaja neno rehani kwa sauti ambayo sikuisikia akiitumia kwa neno jingine lolote, na hakuwahi kunieleza ni kwa nini. Kitabu kile kiliingia katika orodha kwa ajili ya sauti ya bibi. Nobel ilikikuta kimekwisha kuingia.

Juu ya vitabu vya mafanikio sitapoteza karatasi. Viko kila stendi, vina picha ya mtu aliyevaa tai, na vinafundisha kutajirika kwa siku arobaini au kwa hatua saba. Nimeona vijana wenye njaa wakinunua. Aliyetajirika ni mmoja, naye ndiye aliye kwenye picha.

Sasa utaniuliza, nachaguaje? Sina kanuni ya kutundika ukutani. Mgongoni mwa kitabu sisomi, kwa sababu pale wanakaa jamaa wa mwandishi wakimsifu. Nasoma ukurasa wa kwanza, kisha nafungua katikati, mahali ambapo mwandishi hakutegemea kuvamiwa, nasoma ukurasa mmoja hapo. Mwandishi mvivu hujulikana katikati. Muuza vitabu akinikasirikia kwamba nasoma bila kununua, namwambia kwamba hata mnunuzi wa maembe huyabonyeza. Najichunga pia na vitabu vinavyokubaliana nami tangu mstari wa kwanza. Mzee ana watu wa kutosha wa kumwitikia ndiyo. Na ninapoandika jina jipya, palepale nafuta jingine, ili hesabu ya mia isinidanganye. Kufuta ndiko kunakouma. Mama watoto ananicheka kwamba nafuta vitabu kwa uso wa mtu anayezika.

Lakini kipimo kikubwa kuliko vyote sikukibuni mimi. Baada ya ule msiba nilirudi nyumbani, nikalitoa lile boksi, nikaifunga Rosa Mistika katika gazeti, nikaituma kwa basi la mkoani kwake. Ndani nilitia karatasi. Niliandika kwamba kitabu hiki ni chake, kwamba nilikikalia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba siku ile nilikuwa sijakisoma. Niliandika pia neno samahani, ambalo kwa mwalimu wa enzi zetu lilikuwa gumu kulitamka kwa mwanafunzi kuliko maneno yote ya kamusi.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha simu ikalia usiku.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa usiku."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mwalimu, nimeunguza maharage."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akacheka, akaeleza kwamba alikuwa amebakiza kurasa chache, akasahau sufuria jikoni hadi wajukuu wakaja kumwambia kuna moshi. Usiku ule walikula ugali kwa chumvi na nyanya. Tangu siku hiyo simwulizi mtu kama kitabu ni kizuri, kwa maana kila mtu atajibu kwamba ni kizuri, kina mafunzo. Nauliza kilimharibia nini. Alishuka kituo gani baada ya kupitiliza? Kama hakuunguza wala hakupitiliza chochote, namshukuru na daftari nalifunga.

Akaniuliza, "Sasa Mwalimu, nisome kipi kinachofuata?"

Ndugu msomaji, ulimi ulikuwa umekwisha kutangulia. Nilikuwa tayari kumtajia vitatu, kwa mpangilio, na sababu zake. Ukufunzi hautoki mwilini kwa kustaafu. Nikauma meno. Nikamwambia aende mwenyewe mjini, asimame mbele ya meza ya vitabu, afungue, asome ukurasa, afungue kingine, na asimwulize mtu. Alinyamaza kitambo. Nadhani alifikiri namfukuza. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu."

Mwezi uliopita alipiga tena. Amekwenda mara tatu. Safari mbili za mwanzo alirudi mikono mitupu kwa kuogopa kukosea, na ya tatu akanunua kwa muuza vitabu vya mitumba nakala iliyochakaa ya Njama, ya Elvis Musiba. Willy Gamba! Katika boksi langu la kunyang'anya, Musiba alikuwa amelaliana na wenzake kwa nakala tano au sita, na sikuwahi kumfungua hata mmoja wao. Aliniambia kwamba wamekosa umeme siku mbili na amesoma kwa tochi, safari hii bila blanketi. Akaniambia kwamba nami nikisome, na kwamba atakituma kwa basi.

Nimelifungua daftari. Palikuwa na kitabu kimoja kinene cha siasa ambacho, nikisema kweli, nilikiandika ili wageni wakikute mezani. Nimekifuta kwa kalamu ya risasi, na mahali pake nimeandika Njama. Ni namba 61. Kondakta anasema mzigo utafika Ijumaa.